Keki Nyeupe Huonekana kwa Kivuli Chake

Keki ya harusi ni kazi ya mikono yenye umri wa saa chache. Hutoka jikoni kwa mwokaji mchana, husafirishwa kwa mwendo wa pole, huunganishwa ukumbini, husimama mezani jioni nzima ikisubiri zamu yake, kisha kisu huingia. Baada ya hapo kinachobaki ni picha. Ndiyo maana inauma kuona, katika albamu nyingi za harusi zetu, keki iliyoigharimu kamati michango ya watu na kumnyima mwokaji usingizi imegeuka bonge jeupe lisilo na pambo, au mnara wa zambarau ambao hakuna aliyeuagiza. Lawama kwa kawaida huiangukia kamera: ingekuwa ya bei zaidi, au simu ingekuwa ya toleo jipya, picha ingetoka. Mara nyingine huuangukia ukumbi: taa zilikuwa hafifu. Ninaamini lawama zote mbili hazigusi kiini. Keki nyingi haziharibiwi pichani na uhaba wa mwanga. Zinaharibiwa na mwanga unaotoka upande usiofaa, tena mara nyingi ukiwa mwingi kupita kiasi. Anayetaka kuipiga keki picha nzuri aulize kwanza vivuli vyake vitaangukia wapi. Mengine yote, kuanzia meza iwekwe wapi hadi mpiga picha asimame wapi, yanafuata jibu hilo.

Sababu iko kwenye keki yenyewe. Ua la sukari jeupe lililobandikwa juu ya aisingi nyeupe halina rangi ya kulitenga na kilicho nyuma yake. Jicho hulitambua kwa kuwa ubavu mmoja wa kila petali umepokea mwanga na ubavu wa pili umeukosa, na chini ya ua kuna mstari mwembamba wa giza unaoonyesha kwamba limeinuka. Ukiifuta tofauti hiyo ndogo, ua limetoweka pichani ingawa bado lipo mezani. Wachoraji walilijua hili kabla kamera haijaingia harusini. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Prince Albert mwezi Februari 1840, ilikuwa miezi michache tu tangu mbinu ya Daguerre ya kupiga picha iwekwe hadharani mjini Paris, na keki yao, iliyokuwa na uzito wa karibu kilo 136, watu wa kawaida waliijua kwa michoro iliyochapwa. Mchongaji wa bamba la kuchapia alikuwa na wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Ili keki ionekane nyeupe ilimbidi achore kivuli chake, mstari kwa mstari, na weupe wote uliobaki auachie karatasi. Kamera nayo iko katika hali hiyo hiyo. Mkazi wa Unguja anaweza kulithibitisha jambo hili bila keki wala kamera: mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ukipigwa na jua uso kwa uso huonekana kama ubao tambarare wenye michoro iliyofifia, lakini jua likianza kuupapasa kutoka ubavuni, minyororo na maua yaliyochongwa huinuka moja moja kutoka kwenye mbao.

Sasa tuitazame flashi iliyo juu ya kamera au mgongoni mwa simu. Mwanga wake unatoka karibu kabisa na lenzi, kwa hiyo kivuli unachokitengeneza kinaangukia nyuma ya keki, mahali ambapo lenzi haifiki. Kwa upande wa lenzi kila kitu kimeangazwa sawasawa, na usawa huo ndio unaofuta nakshi. Keki ya fondanti hupata hasara ya pili. Uso wake laini una mng'ao, na mwanga unaopiga uso wa namna hiyo huruka kwa pembe ile ile ulioingilia. Ukitoka kwenye kamera hurudi kwenye kamera, ukiacha doa jeupe kwenye kila ngazi, na ndani ya doa hilo hakuna pambo lililorekodiwa. Krimu ya siagi haing'ai sana, lakini mawimbi yaliyoachwa na kisu cha kupakia, ambayo ndiyo uzuri wake, hulazwa yakawa kama plasta ya ukuta.

Tiba ni kuusogeza mwanga ubavuni. Dirisha moja kubwa lililo kushoto au kulia kwa keki hufanya kazi ambayo vifaa vingi vya gharama hujaribu kuiiga. Upana wake ndio siri. Mwanga unaotoka mahali padogo, kama balbu tupu, hukata kivuli chenye ukingo mkali. Unaotoka mahali papana huizunguka keki taratibu, na kivuli kikawa na daraja nyingi kati ya mwanga na giza. Upana huu huhesabiwa kwa kulinganisha na umbali: dirisha la mita moja na nusu ni chanzo kipana likiwa mita moja kutoka kwenye keki, lakini likiwa upande wa pili wa ukumbi ni tundu tu. Jua likipenya moja kwa moja, pazia jepesi jeupe linatosha kulivunja makali. Upande wa giza ukizidi weusi, karatasi nyeupe ya manila iliyosimamishwa upande huo hurudisha mwanga kidogo. Na kivuli kikiwa hafifu mno, weka kitambaa cheusi mahali ilipokuwa manila. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba picha huboreshwa kwa kuongeza mwanga, kamwe si kwa kuupunguza. Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston aliingiza pilipili hoho moja ndani ya faneli ya bati na kuipiga picha ambayo mpaka leo imo katika vitabu vya historia ya sanaa. Hakuipamba wala kuipaka rangi. Ni mwanga uliotambaa juu ya mikunjo yake na kuyaacha mabonde yake gizani. Keki ina mikunjo na mabonde mengi kuliko pilipili hoho.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vingi vya upigaji picha, vilivyoandikwa mbali na ikweta, havilitilii maanani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, Nairobi nyuzi 1 na kidogo. Jua la saa sita mchana huwa juu sana mwaka mzima. Keki ikiwekwa bustanini saa hizo, sehemu za juu za kila ngazi huungua kwa weupe, na ubavu, ambako ndiko pambo lilipo, hubaki na kijimwanga cha kuokoteza. Jioni nayo haingoji: jua hushuka karibu wima, na magharibi ikishaingia mwangaza uliobaki angani haufiki nusu saa. Kwa hiyo ushauri wa kungoja ile saa ya dhahabu, unaofaa Ulaya ambako jua huzama kwa kujivuta, hapa una dirisha jembamba sana. Kinachotufaa zaidi ni baraza. Paa la baraza, la bati au la makuti, hukata mwanga wa juu na kuuacha wa ubavuni uingie kutoka uwanjani, na ukuta uliopakwa chokaa hufanya kazi ya manila bila kuombwa. Faida nyingine ni ya keki yenyewe. Siagi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 32 hadi 35 na hulainika kabla ya hapo, na hilo ni joto la kawaida la mchana wa pwani mwezi Februari. Hata fondanti, inayovumilia joto zaidi, hutoka jasho ikitolewa kwenye friji na kuwekwa kwenye hewa yenye unyevu, na matone hayo hung'aa pichani kama upele. Basi mpiga picha akubaliane na mwokaji keki itatulia kwa muda gani kabla ya kupigwa picha, na amsikilize akisema muda umetosha.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi atakuwa na pingamizi hapa: sherehe zetu ni za usiku, ukumbini, na hakuna dirisha lolote. Ni kweli, na mtu anayeshauri dirisha tu hajasaidia wengi. Lakini kanuni haikuwa dirisha. Ilikuwa upande na upana. Flashi inayoweza kuzungushwa kichwa, ikielekezwa kwenye ukuta mweupe ulio ubavuni mwa keki, huugeuza ukuta wote kuwa chanzo cha mwanga. Flashi iliyotenganishwa na kamera na kuwekwa kwenye stendi pembeni, nyuma ya mwavuli mweupe, hufanya hivyo hivyo. Asiye na flashi ana msaada mwingine ambao wapiga picha wengi hawautumii: keki haitikisiki. Kamera ikisimamishwa kwenye miguu mitatu inaweza kufungua lenzi kwa robo ya sekunde, hata sekunde nzima, na taa moja dhaifu ya pembeni ikawa mwanga wa kutosha. Simu nyingi za sasa zenye hali ya usiku hufanya jambo la karibu na hilo, mradi ziegemezwe mahali imara na flashi yake izimwe. Hata taa ya mpiga video, inayolalamikiwa sana kwa ukali wake, ni rafiki ukisimama pembeni yake badala ya mbele yake. Anapoiangaza keki kutoka kushoto, nenda kulia kidogo. Mwanga uliokuwa bapa kwake umekuwa wa ubavuni kwako.

Taa za rangi ni jambo zito zaidi, na hapa ndipo wengi wanajidanganya kwamba picha itarekebishwa baadaye. Balbu ya njano ya kawaida, ya Kelvini 2,700 hadi 3,000, hutoa rangi zote kwa viwango visivyolingana. Nyekundu ni nyingi na bluu ni chache. Picha iliyopigwa chini yake inarekebishika, kwa sababu kila rangi ilikuwepo na kamera iliipokea. LED ya bluu inayomwagwa ukutani na wapambaji ni kitu kingine kabisa. Hutoa kipande chembamba cha rangi moja. Kihisi cha kamera hupokea mwanga kwa njia tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, na chini ya taa hiyo njia ya nyekundu hubaki karibu tupu, wakati njia ya bluu hujaa hadi kufurika. Kilichofurika hakina daraja tena. Ua na ukuta wa keki vyote vimefika kikomo kile kile. Mhariri anaweza kuipaka bluu hiyo rangi nyingine, lakini hawezi kurudisha petali ambazo hazikurekodiwa. Wanaozitetea taa hizi husema kwamba ndizo zinazoupa ukumbi uhai na kwamba zimelipiwa, nami siwapingi. Ziachwe, ila zipige pazia na ukuta ulio nyuma, na keki ipewe taa moja nyeupe kutoka ubavuni. Hapo weupe wa keki husimama mbele ya rangi badala ya kumezwa nayo, na mapambo yenyewe yanapata heshima zaidi pichani. Sharti ni kwamba jambo hili lizungumzwe na mpambaji mapema, meza zikiwa bado hazijavikwa vitambaa, maana mshereheshaji akishaita maharusi hakuna atakayekubali kuhamisha taa.

Picha ngumu kuliko zote ni ile ya maharusi wakiwa na keki. Mita ya mwanga ya kamera imetengenezwa kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Aisingi nyeupe hurudisha mara nne hadi tano ya kiasi hicho. Kamera ikiona keki na gauni jeupe vimejaa kwenye fremu, hudhani mwanga umezidi na kuipunguza picha nzima: keki inakuwa kijivu, na nyuso zetu za maji ya kunde na nyeusi zinazama gizani. Kwenye keki peke yake dawa ni rahisi. Ongeza mwangaza wa picha kwa hatua moja hadi karibu mbili, au kwenye simu gusa keki kisha vuta alama ya jua kwenda juu. Watu wakiingia, kuongeza huko huzilinda nyuso lakini kunaweza kuichoma keki. Ufumbuzi uko kwenye umbali wa taa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa ikiwa mita 1 kutoka kwenye keki na mita 2 kutoka kwenye nyuso, nyuso hupata robo tu ya mwanga wa keki. Isogeze taa hadi mita 3 kutoka kwenye keki na mita 4 kutoka kwenye nyuso, nazo zitapata zaidi ya nusu. Afadhali zaidi, taa iwe upande wa maharusi, nyuso ziwe karibu nayo kuliko keki. Wapo wanaosema ngozi nyeusi ni ngumu kupigwa picha. Kauli hiyo ina historia ambayo inapaswa kujulikana. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala aliyoichapisha mwaka 2009, alieleza jinsi filamu za Kodak zilivyosawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na jinsi msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulivyotoka kwa makampuni ya chokoleti na ya samani, yaliyolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishwi pichani. Chokoleti ilitetewa kabla ya uso wa mtu. Kasoro ilikuwa kwenye filamu na kwenye chaguo la waliotengeneza filamu, na leo kasoro iliyobaki mara nyingi ni mahali tunapoiweka taa.

Mpangilio wa picha unakuja baada ya mwanga, wala hauhitaji maneno mengi. Kamera iwe kwenye usawa wa ngazi ya katikati. Ukiipiga keki ukiwa umesimama wima huku meza ni fupi, ngazi ya chini hunywea na keki yote huonekana kama inadondoka kwa nyuma. Urudi nyuma mita 2 au 3 na kuivuta kwa lenzi ndefu, au kwenye simu utumie lenzi ya pili yenye kuvuta, kwa sababu lenzi pana ikisogezwa karibu huivimbisha ngazi iliyo karibu na kuzipinda kingo. Meza isigusane na ukuta. Nafasi ya mita moja na nusu nyuma ya keki huyafanya mapambo ya nyuma yafifie, na huzuia shanga au vioo vya pazia visirudishe mwanga wa taa kwenye lenzi. Tundu la lenzi lisifunguliwe hadi mwisho, kwani ua la mbele litakuwa safi na ngazi ya juu ukungu. Tundu la f/5.6 au f/8 hushika keki nzima. Kuhusu ile kanuni ya kuigawa fremu katika sehemu tatu na kukiweka kitu pembeni, sioni sababu ya kuilazimisha. Keki ya ngazi imejengwa kwa ulinganifu, na kuiweka katikati ni kuheshimu alivyoijenga mwokaji. Pembeni iwekwe pale tu ambapo kuna kitu cha kujaza upande wa pili, kwa mfano maharusi wanaokuja.

Kuna atakayeuliza kama hoja ya kivuli inashika kwa kila keki. Haishiki vivyo hivyo. Keki ya chokoleti iliyong'arishwa, au ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ambayo kwenye harusi za Wachaga husimama mahali pa keki au pembeni yake, tayari ina giza la kutosha. Umbo lake huonekana kwa mng'ao unaotembea juu ya mgongo na mbavu, kwa hiyo taa isogezwe nyuma kidogo ya ubavu ili mng'ao huo uchore ukingo. Kinachotafutwa kimegeuka, ulazima wa kuchagua upande umebaki pale pale, na flashi ya usoni inaiharibu ndafu kama inavyoiharibu fondanti.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye uzito kwangu: kwamba harusi ni watu, na mpiga picha anayehangaika na meza ya keki anawakosa wazazi wanaofuta machozi. Ni kweli kwamba hakuna keki inayostahili kuchukua nafasi ya uso wa mama mzazi. Ila maandalizi ninayoyasema hufanyika kabla wageni hawajakaa, katika dakika chache ambazo mpambaji anamalizia kazi, na taa ikishawekwa sawa kwa ajili ya keki imewekwa sawa pia kwa watu watakaosimama hapo. Kulishana kwa maharusi, bibi harusi kupiga magoti akimpelekea mama mkwe sinia la keki, mikono ya baba inayopokea kipande kwa leso: hayo yote hutokea hatua chache kutoka kwenye meza ile ile. Mpiga picha aliyechagua upande wa mwanga saa 11 jioni hahitaji kuufikiria tena saa 4 usiku, na macho yake yako huru kuwatazama watu. Kisu kikiingia, asimame upande ulio kinyume na mkono wenye kisu ili kiwiko kisiifunike keki, na awaombe maharusi wakate kwenye ngazi iliyo upande wa taa. Kipande cha kwanza kikitolewa, kwa sekunde chache ndani ya keki huwa wazi, zabibu, matundu ya hewa na tabaka za krimu, na taa ile ile ya ubavuni inatosha kuvionyesha vyote.